Moyo wa Babu Haulali

Sogea hapa, mpwa wangu. Na wewe mdogo, sogea, nafasi ipo. Leo nawapa hadithi ya mfanyakazi ambaye hajapumzika hata siku moja. Alianza kazi kabla hujazaliwa, ulipokuwa tumboni mwa mama. Mchana yuko kazini. Usiku yuko kazini. Wewe ukienda shule, ukichunga mbuzi, ukila, ukilala fofofo, yeye yuko kazini. Kwa mtu mzima hudunda kama mara 100,000 kwa siku moja.

"Mjomba, huyo ni moyo!"

Naam, ni moyo. Umepata.

"Lakini mjomba, mimi nikilala, moyo wangu unajua kama nimelala?"

Umeuliza vizuri! Umeuliza vizuri sana. Wako watu wazima walioota mvi bila kujiuliza hilo. Sasa mimi sitakujibu. Tuuache moyo ujibu wenyewe. Tuuulize moyo wa babu mmoja wa Kiduruma, anakaa ndani huko upande wa Ndavaya, hapa hapa Kinango. Huyu babu mkono wake wa kulia hutetemeka akiwa ameketi tu. Hatua zake zimekuwa fupi. Lakini kichwani hadithi anazo tele. Haya, tegeni sikio.

"Mimi ni moyo wa babu," moyo ukasema. "Ukubwa wangu ni kama wa ngumi yake. Mimi ni msuli, na kudunda najua mwenyewe, sifundishwi na mtu. Ila mwendo, mwendo sipangi peke yangu."

"Nani anakupangia?"

"Wachungaji wawili."

Wachungaji! Nyinyi watoto wa Kinango hili hamhitaji kuelezwa mara mbili. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hupelekwa mbali kunywa maji, wengine mpaka bwawa la Nyalani. Kundi likiwa na wachungaji wawili, mmoja hukaa nyuma na fimbo, "Twende! Twende!" Mwingine hutangulia mbele, akiona kundi linakimbia hulizuia, "Tulia! Tulia!" Ng'ombe wanajua kutembea wenyewe. Lakini mwendo wao hutoka kwa hao wawili.

Ndani ya mwili wako Twende na Tulia ni neva, yaani nyuzi nyembamba zinazobeba amri kutoka kwenye ubongo. Twende hupitia kwenye uti wa mgongo. Tulia hupitia neva ndefu iitwayo vagasi. Huanzia chini ya ubongo, pale kwenye shina lake, hushuka shingoni, huingia kifuani, kisha huendelea mpaka tumboni. Mbwa akikukurupusha njiani, Twende anapiga kelele na moyo unakwenda mbio. Umekula sima na mchunga ukajinyoosha chini ya mwembe, Tulia anaushika usukani.

"Na usiku, mjomba?"

Moyo ukajibu: "Usiku ni zamu ya Tulia. Babu alipokuwa kijana, akiwa ameketi macho nilidunda mara 70 kwa dakika. Akizama usingizini nilishuka, nikafika 60, siku nyingine chini ya hapo. Halafu, baada ya saa moja na nusu hivi, ndoto zikaja. Babu anaota ng'ombe wamepotea na simba wa Tsavo wamesikika. Hapo Twende na Tulia wanaanza kushindana. Napanda, nashuka, napanda tena, sina mpango. Ndoto ikipita, narudi chini. Hivyo hivyo mara nne au tano mpaka jogoo awike."

Kwa hiyo mpwa wangu, jibu ni ndiyo. Moyo wako unajua umelala. Unajua hata kama unaota.

"Watu walijuaje, na wao wamelala?"

Umeuliza vizuri tena. Walijua kwa sababu ya mtoto. Ndiyo, mtoto! Alikuwa na miaka minane, na baba yake, Eugene Aserinsky, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani. Baba alimbandika mwanawe nyaya kichwani na karibu na macho, akamwambia alale, yeye akakesha akitazama mashine ikichora mistari kwenye karatasi. Usiku wa manane kalamu zikaanza kuruka. Macho ya mtoto yalikuwa yanakimbia huku na huku chini ya kope, na mtoto amelala! Aserinsky na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, waliwapima watu wengine pia, na mwaka 1953 wakautangazia ulimwengu kwamba usingizi una vipindi, na kimoja kati ya hivyo ni kipindi cha macho kukimbia. Katika kipindi hicho pumzi nazo huenda haraka, na moyo vilevile. Ukimwamsha mtu hapo, mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Mtoto wa miaka minane aliisaidia sayansi kwa kulala tu.

Na amri ya Tulia hufikaje kwenye moyo? Hilo nalo lilitoka usingizini. Profesa Otto Loewi wa mji wa Graz, Austria, aliota jaribio usiku wa majira ya Pasaka. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake! Siku nzima akahangaika. Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ile ile ikarudi. Safari hii hakuandika. Aliinuka akaenda zake maabara.

Alichukua mioyo miwili ya chura. Moyo wa chura ukiuweka kwenye maji ya chumvi huendelea kudunda hata ukiwa nje ya mwili. Wa kwanza ulikuwa bado na neva yake ya vagasi, akaisisimua kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachota maji yaliyokuwa yakiuzunguka moyo huo, akayatia kwenye moyo wa pili. Hakuugusa wa pili. Hakuupa umeme wowote. Nao ukapunguza mwendo! Maana yake Tulia hupeleka amri kwa kumwaga kitu, kemikali, ambayo leo tunaiita asetilikolini. Loewi aliyachapisha hayo mwaka 1921, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale wa Uingereza wakapewa Tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo mvua ikinyesha Kinango na vyura wakaanza kelele zao bwawani, wakumbukeni kwa wema.

Sasa fanyeni jambo moja, hapa hapa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Umeupata mshipa? Vuta pumzi polepole, ndefu. Sasa itoe polepole. Umesikia?

"Mjomba, nikivuta pumzi unakimbia! Nikitoa unapunguza! Moyo wangu mbovu?"

Mzima kabisa! Watoto ndio huusikia mchezo huo vizuri kuliko sisi wazee. Ukivuta pumzi, Tulia hulegeza mkono kidogo. Ukitoa, hukaza. Watu wengi hudhani moyo mzima ni ule unaodunda sawasawa bila kubadilika hata chembe. Sivyo. Moyo mzima hubadilika badilika kila dakika, kwa sababu unasikiliza. Shikeni hilo, maana ndilo litakalotufikisha kwa babu.

Turudi kwake basi. Mkono wake unatetemeka kwa sababu ana ugonjwa wa Parkinson. Umepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeuandikia kitabu kidogo mwaka 1817. Ni ugonjwa wa ubongo, na huenda polepole, miaka na miaka. Chembe fulani za ubongo hudhoofika na kufa. Ndani ya chembe hizo hujikusanya vinundu vya protini. Daktari wa Kijerumani, Friedrich Lewy, ndiye aliyevieleza vinundu hivyo mwaka 1912.

Na sasa sikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe hapa hushangaa kila nikisimulia. Mwaka 2003 Profesa Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walieleza kwamba kwa wagonjwa wengi vinundu havianzii kwenye sehemu inayoongoza mikono. Huonekana mapema chini kabisa, kwenye shina la ubongo, pale pale anapoanzia Tulia. Huonekana mapema pia kwenye sehemu ya kunusa. Ndiyo maana wapo wazee waliokosa kusikia harufu ya pilau au ya samaki wa kukaanga miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Wapo waliosumbuliwa na choo kigumu, kwa sababu Tulia hushuka mpaka tumboni, kumbukeni. Na neva za Twende zinazofika kwenye moyo wenyewe, nazo hunyauka.

"Sasa moyo wa babu unafanyaje?"

Moyo ukajibu, na safari hii ulisema taratibu. "Siku hizi amri zinanifikia chache. Twende anaita kwa mbali. Tulia sauti yake imekauka. Kwa hiyo nadunda mwendo mmoja. Usiku sishuki kama nilivyokuwa nikishuka. Ndoto ikija, babu anapiga kelele, mimi sipandi kama nilivyokuwa nikipanda. Anayenisikia atasema, moyo huu umetulia. Sijatulia. Sisikii."

Basi, hilo ndilo wanalolitafuta watafiti wanapomlaza mgonjwa na nyaya kifuani usiku kucha. Hawatazami tu moyo umedunda mara ngapi. Wanatazama umebadilika kiasi gani. Kwa mtu mzima kiafya, usingizi mzito una mwendo wake na usingizi wa ndoto una mwendo wake. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson tofauti hizo hupungua. Si kwa kila mgonjwa, na si kwa kiwango kimoja. Presha ya damu nayo, ambayo kwa kawaida hushuka usiku, kwa baadhi yao haishuki, na kwa wengine hupanda wakiwa wamelala chali.

"Mjomba, umesema babu anapiga kelele ndotoni. Kwa nini?"

Umeuliza vizuri. Wewe ukiota unamkimbia nyoka, miguu yako haikimbii. Shina la ubongo huifunga misuli mpaka ndoto ipite. Ni ulinzi mkubwa tumepewa. Lakini kwa watu wengine kufuli hilo hulegea. Anaota anapigana, anapigana kweli. Anaota anafukuza nguruwe shambani, anarusha mateke kitandani, anapiga yowe. Madaktari wawili wa Minnesota, Marekani, Carlos Schenck na Mark Mahowald, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1986. Kisha wakawafuatilia wanaume 29 waliokuwa nao, watu wa makamo na wazee. Mwaka 1996 wakatoa habari kwamba 11 kati yao walikuwa wameanza kuonyesha dalili za Parkinson. Walianza na ndoto, mikono ikafuata. Na watafiti wa Montreal, Kanada, walipoisikiliza mioyo ya watu wa ndoto za namna hiyo, waliona kwamba haibadiliki usiku kama ya wenzao. Yaani usiku hutoa habari ambazo mchana bado haujazipata.

Lipo pia kundi jingine, wazee wanaosahau. Wengi wao wana ugonjwa wa Alzheimer, ambao Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906 huko Ujerumani. Hawa hulala vipande vipande, huamka usiku wakidhani kumekucha, mchana wakasinzia kwenye kiti. Katika ubongo wao hupungua asetilikolini, ile ile ya chura wa Loewi! Dawa mojawapo wanayopewa hufanya asetilikolini isiishe haraka. Husaidia kumbukumbu kidogo. Lakini kumbuka kazi ya asetilikolini kwenye moyo. Dawa hiyo inaweza kuupunguza mwendo kupita kiasi, ndiyo maana daktari hupima mapigo ya mzee kwanza.

Usidhani haya ni maradhi ya Ulaya na Marekani tu. Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, ndugu zetu Watanzania waliwahi kupita nyumba kwa nyumba pamoja na madaktari kutoka Uingereza, kati ya watu zaidi ya 161,000, wakiwatafuta wenye Parkinson. Walipata 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Walikuwa wakitetemeka na kudhani ni uzee. Yako madawa, watoto wangu, yanayowafanya wainue kikombe tena, na wao walikaa miaka bila kuyaonja.

Mnaujua upupu? Najua mnaujua, nani hajawashwa! Punje zake zina levodopa, kitu kile kile kilichomo kwenye vidonge vya Parkinson. Lakini asije mtu akampikia babu upupu. Kwenye kidonge kipimo kinajulikana, kwenye punje hakijulikani, na levodopa inaweza kuishusha presha ya mzee ghafla akisimama.

Sasa nitasema jambo zito, na nitalisema wazi, kwa sababu nyinyi ni watoto wa Kwale, kaunti yetu. Hapa kwetu, na kwa ndugu zetu wa Kilifi, wazee wamefukuzwa makwao na wengine wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wapo wanaopaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, ilibidi pawekwe makao ya kuwahifadhi waliokimbia.

Hebu mtazameni babu wa Parkinson kwa macho ya mtu asiyejua. Uso wake umekaza, hatabasamu upesi, kwa sababu misuli ya uso imekakamaa. Hukodoa macho, hapepesi. Usiku wa manane anapiga yowe na kupigana na hewa. Huyo mwingine mwenye kusahau anatembea nje usiku, hajui nyumba yake ni ipi. Asiyejua ataona nini? Ataona kile alichokwisha kukiogopa. Ndiyo maana nawaeleza habari za neva na vinundu. Yule babu anayepiga yowe, kufuli la misuli yake limelegea. Hajamroga mtu. Na mtoto anayeijua sababu anaweza kuisema, mbele ya mjomba wake, mbele ya baraza zima.

"Mjomba, mimi nifanye nini?"

Umeuliza vizuri kuliko yote. Babu akipigana ndotoni, usimrukie kumtikisa, atakupiga bila kujua. Simama mbali, mwite kwa jina mpaka aamke. Waambie wakubwa waliondoe panga lililo chini ya kitanda, na meza yenye ncha iwe mbali naye. Akitaka kwenda msalani usiku, asiinuke kwa ghafla. Mtu mzima kiafya akisimama, Twende huukaza mwendo wa moyo na kuibana mishipa ili damu ifike kichwani. Kwa babu Twende amechoka. Damu hubaki miguuni, kizunguzungu humshika, anaanguka, na nyonga ya mzee ikivunjika ni safari ndefu. Basi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, dakika mbili tatu. Wewe washa taa. Kisha asimame ameshika kitu.

Na chukua daftari. Andika babu alipiga kelele usiku gani, alianguka lini, amelala mchana kiasi gani. Asubuhi, kabla hajatoka kitandani, muombe ruhusa umshike mshipa. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, maana moyo wa mzee unaweza kuruka pigo. Kwa mtu mzima aliyetulia, akiwa macho, kawaida ni kati ya 60 na 100. Ukipata namba iliyo mbali na hapo, au babu akizimia, usingoje kesho, mwambie mtu mzima apelekwe hospitali. Daftari liende naye Hospitali ya Kinango, na wakimwandikia barua ya kwenda hospitali ya Msambweni au Mombasa, liende huko pia. Daktari hukutana na babu mchana, kwa dakika chache. Habari za usiku hanazo, isipokuwa apewe na mtu wa nyumbani.

"Mjomba, nianze leo kumhesabu?"

Anza na wako kwanza. Vidole viwili, upande wa kidole gumba. Nitakushikia saa.